Uji wa Ghala la Pamba

Mwaka 2013 nilipangiwa kufundisha Mwabagole, kitongoji kilicho mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Kasoli, nikapewa nyumba iliyotazamana na boma la Magese na mkewe Dorkasi. Dorkasi alikuwa na miaka thelathini na minane hivi, mama wa binti aitwaye Nancy. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya mkulima, aliyeishia darasa la saba na kuimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lake. Hakuwa msemaji. Kilichomfanya ajulikane kwa watu kilikuwa palizi.

Kwetu pamba hupandwa mvua za Novemba zikishika, na magugu hayamsubiri mtu amalize Krismasi. Wanawake kumi na wanne wa Mwabagole walikuwa na kikundi chao. Leo wote wanapalilia kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mzunguko unakwisha, kisha wanaanza upya. Dorkasi ndiye aliyepanga nani apaliliwe lini, na katika miaka yote ya kikundi hicho hakuna aliyewahi kumnung'unikia kwamba anapendelea. Hilo si jambo dogo. Nimeona vikundi vikivunjika kwa sababu shamba moja lilipaliliwa kabla ya mvua na jingine baada yake.

Tatizo ni kwamba miezi ya palizi ndiyo hiyo hiyo miezi ya njaa. Mahindi ya mwaka jana yanakuwa yamebaki chini kabisa ya kihenge, na ya mwaka huu bado ni majani. Mama anaondoka kabla jua halijachomoza na kurudi saa tisa. Mtoto mchanga humbeba mgongoni, lakini aliyekwisha kutembea anaachwa nyumbani na dada yake wa miaka minane, pamoja na kisufuria cha uji uliopikwa alfajiri. Mimi nilikuwa naona tu darasani kwamba wasichana wamepungua tangu Januari hadi Machi. Sikuuliza wako wapi.

Januari ya mwaka 2014, Jenipha, aliyekuwa mdogo kuliko wote katika kikundi, hakuonekana shambani kwa siku nne. Mumewe alikuwa Geita kwenye machimbo tangu katikati ya mwaka uliopita. Yeye aliishi na mama mkwe wake, Milembe, na mwanawe Elia aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu. Siku ya tano Dorkasi akaenda kuuliza. Alimkuta Milembe uani, ameketi kwenye kigoda, anachambua michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Mwangaluka, mayu," Dorkasi alimsalimia mama yule kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu. Nimekuja kumwona Jenipha. Keshokutwa tunapalilia kwake, naye hajaonekana kwa wenzake."

"Kichwa kinamuuma."

"Basi niingie nimpe pole."

"Amelala. Kesho atakuwa mzima. Nenda tu, mwanangu."

Dorkasi hakwenda. Alikaa chini akaanza naye kuchambua michembe, na hapo ndipo aliposikia sauti kutoka ndani. Hakikuwa kilio cha mtoto anayedai kitu. Aliniambia kilikuwa kilio cha mtoto aliyekwisha kuona kwamba kudai hakusaidii. Akainuka, akaingia nyumba ya mtu bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya maisha yake yote.

Jenipha alikuwa ameketi kwenye mkeka, amemfunika Elia kwa kanga kuanzia utosini hadi nyayoni, na joto lile la saa tano. Dorkasi akaifunua kanga. Miguu ya mtoto ilikuwa imevimba na kung'aa, ngozi ya mapaja imebambuka, nywele zimekuwa chache na nyekundu. Uso ulikuwa wa mviringo. Asiyejua angesema amenenepa.

"Mama Nancy, nakuomba usiseme kwa watu," Jenipha alisema.

"Nisiseme nini?"

"Watasema amebemendwa. Na baba yake yuko Geita. Watauliza ni nani."

Hayo yalikuwa maneno mazito, na kila mwanamke wa huku anayajua. Mtoto akidhoofu angali ananyonya, watu husema wazazi hawakuvumilia, wamelala pamoja kabla ya wakati na kumharibu mtoto. Wakati mwingine husema mmoja wao amekwenda nje. Kwa hiyo mtoto aliyedhoofu ni kama tangazo lililobandikwa mlangoni, na mama anayeogopa tangazo humficha mtoto.

Dorkasi akakaa kwenye mkeka. Halafu akasema jambo ambalo wengi wa Mwabagole walikuwa wamelisahau, na ambalo yeye mwenyewe alikuwa hajalitamka kwa miaka kumi.

"Wa kwangu alikuwa na miguu hii hii. Aliyemfuata Nancy. Waliniambia nimembemenda, nikanyamaza, kwa sababu nilifikiri labda ni kweli. Nikamzika nikiwa nimenyamaza."

"Na ilikuwa kweli?"

"Sijui. Nataka kujua. Inuka twende tukaulize."

Milembe alikuwa amesimama mlangoni. "Mtoto wa mwanangu hatoki humu kwenda kutangaza aibu ya mji wangu barabarani," alisema.

"Mayu, nitambeba mimi. Atakuwa mgongoni kwangu," Dorkasi alimjibu. "Atakayeuliza, aniulize mimi."

Milembe akasogea, akawapisha.

Zahanati iko Kasoli. Walifika saa nane, wakamkuta nesi Benedikta anafunga kabati la chanjo. Benedikta alimvika Elia mkononi utepe wa kupima utapiamlo, ukasoma nyekundu. Alibonyeza unyayo kwa kidole gumba, akakiondoa, na shimo la kidole likabaki pale pale.

"Anakula nini?" aliuliza.

"Uji," Jenipha alisema.

"Wa nini?"

"Wa muhogo."

"Ndani ya uji kuna nini?"

Jenipha alifikiri. "Maji," alisema.

"Mara ngapi kwa siku?"

"Asubuhi, na nikirudi shamba."

Benedikta akaanza kuandika karatasi ya kumpeleka mtoto hospitali, Bariadi mjini. Dorkasi akamwomba aulize swali moja. Akamweleza habari za mwanawe, alivyoanza kukataa kucheza, alivyovimba, nywele zilivyokuwa, na yale waliyoyasema watu. Benedikta aliweka kalamu chini.

"Mama, kulala na mumeo hakuvimbishi miguu ya mtoto," alisema. "Hii ni miguu ya uji mtupu. Wa kwako sikumwona, siwezi kuapa. Lakini kwa unavyonieleza, alikuwa mgonjwa wa njaa kama huyu."

"Lakini alikuwa anashiba. Nilimwachia uji mwingi."

"Alishiba maji."

Dorkasi alitoka nje akasimama nyuma ya zahanati, upande wa tangi la maji. Hakulia, aliniambia. Alijisikia mwepesi kwanza, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na mara hiyo hiyo akajisikia vibaya kwa sababu ya wepesi ule. Mtoto hakufa kwa dhambi. Alikufa kwa kitu ambacho kiganja cha karanga kingeweza kukizuia. Hakujua lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi.

Elia na mama yake walipakiwa kwenye bodaboda kwenda mjini. Walikaa hospitali wiki tatu, mtoto akinyweshwa maziwa maalumu kidogo kidogo, mchana na usiku. Uvimbe ulipotoka ikabaki miguu myembamba kama ya kuku, lakini ilikuwa inatembea, na siku waliyorudi alimnyang'anya Dorkasi kipande cha kiazi mkononi.

Wiki ile ile, wanawake walipopumzika pembeni ya shamba kunywa maji, Dorkasi aliwaambia wazo lake. Palizi wanafanya kwa zamu. Kwa nini malezi yasiwe kwa zamu pia? Kila siku wawili wabaki na watoto wote mahali pamoja, wapike uji wenye karanga na dagaa, wawape saa mbili, saa tano na saa nane. Wengine waendelee na majembe.

Hakuna aliyefurahi. Mmoja alisema mikono miwili ikipungua mzunguko utarefuka na magugu yatawashinda. Mwingine aliuliza kwa sauti ya chini, na hili ndilo lililowashika wote: "Mtoto wa mwenzangu akianguka motoni siku ya zamu yangu, nitamwambia nini baba yake?"

"Sina jibu la hilo," Dorkasi alisema. "Lakini akikaa nyumbani na dada yake wa miaka minane, moto si ule ule?"

Akaona kwamba kusema zaidi hakutaleta kitu.

"Basi tujaribu mzunguko mmoja," alisema. "Nitabaki mimi na Jenipha, siku zote. Kwa kuwa sitawapalilia, shamba langu litoeni kwenye zamu. Mzunguko ukiisha, mkiona hauna maana, tunaacha."

Hili alikuwa hajamwambia mumewe. Magese alizipata habari kwa watu, na jioni wakati wa kula akamuuliza.

"Nasikia shamba letu limetolewa kwenye zamu."

"Ndiyo."

"Ulitaka kuniambia lini?"

"Leo."

"Leo nimeshaambiwa."

Wakala. Baadaye Magese akasema, "Magugu yataimeza ile pamba."

"Yataimeza kiasi."

Magese ni mtu wa ng'ombe. Kwa maoni yake, aliyoyasema mbele yangu mara nyingi, palizi ni kazi ya wanawake. Lakini kesho yake nilimwona anatoka na jembe begani, peke yake, na wanaume waliokuwa wakienda mnadani Kasoli wakamtania njiani. Aliwajibu kwa kuwasalimia. Mwaka ule alifika nusu ya shamba, nusu nyingine ikapotea, na sikumsikia hata siku moja akimlaumu mkewe kwa hilo.

Sasa pakatakiwa mahali. Mwabagole kulikuwa na ghala la kununulia pamba, la matofali na bati, ambalo hukaa tupu tangu msimu uishe mpaka Mei. Ufunguo ulikuwa kwa Masele, mwenyekiti wa kitongoji.

"Barua iko wapi?" Masele alimuuliza Dorkasi.

"Barua ya nini?"

"Ya kuomba jengo. Mimi siwezi kutoa jengo la watu kwa maneno ya mdomo."

Ndivyo nilivyoingia mimi. Dorkasi alivuka njia akaja kwangu, akakaa kwenye ngazi, akasema, "Mwalimu, niandikie barua inayoogopesha kidogo." Nikaiandika. Masele aliisoma mara mbili, akagonga muhuri, akatoa ufunguo mpaka mwisho wa Aprili.

Walisugua sakafu siku mbili, wakatandika maturubai. Kila mama alileta kikombe cha unga wa mtama au mahindi na kiganja cha karanga. Dagaa walitoka Lamadi, wakakaangwa bila mafuta na kutwangwa wakawa unga. Maziwa yalikuwa ya ng'ombe wa Magese, aliyeyaleta mwenyewe kwenye kibuyu na kuyaweka mlangoni bila kuingia. Watoto walikuwa kumi na wanane, na siku ya kwanza wengi walilia mpaka wakachoka. Jenipha aliogopa kumpoteza hata mmoja. Aliwahesabu kila walipogeuka.

Siku ya nne nilipoita majina darasani, wasichana watatu waliokuwa hawaonekani tangu shule ifunguliwe waliitika. Nikasimama na kalamu yangu. Ndipo nilipoelewa walikuwa wapi muda wote ule.

Si kila mtu aliyependa. Kule kisimani Milembe alikuwa akisema mtoto anayelishwa na kila mkono hatamjua mama yake, na kwamba Dorkasi anafuta kosa lake la zamani kwa watoto wa wenzake. Maneno hayo yalimfikia Dorkasi. Alisema tu kwamba sehemu yake ni kweli.

Mzunguko ulipoisha, Benedikta alikuja na mizani, wakaitundika kwenye boriti la ghala. Watoto waliwekwa mmoja mmoja kwenye suruali ya kitambaa ya mizani hiyo, wakining'inia na kupiga mateke, na mama zao walikuwa wamekuja kutoka shambani na matope yao kusikia uzito. Karibu wote walikuwa wameongezeka, katika mwezi ambao kwa kawaida watoto wa Mwabagole hupungua. Yule mama aliyeuliza habari za moto ndiye aliyesema, "Kesho nani na nani?" Nikachukua karatasi nikaandika zamu mpya, wawili wawili, na shamba la Dorkasi likarudishwa kwenye orodha, ingawa lilikuwa limechelewa.

Aprili mambo yakaharibika.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Maji ya kunywa yalitoka kwenye visima vya kuchimba mchangani, mtoni, na amri ilikuwa yachemshwe. Siku hiyo kuni zililowa, moto ukakataa, na wanawake wawili wa zamu wakaona watoto wana kiu, wakawapa maji yasiyochemshwa. Kufikia jioni watoto watano walikuwa wanaharisha. Aliyekuwa na hali mbaya kuliko wote alikuwa Elina, binti wa miaka miwili wa Masele mwenyewe, ambaye baba yake alikuwa amekubali aletwe ghalani wiki ile tu.

Dorkasi alikwenda nyumba zote tano na paketi za chumvi ya kutibu kuharisha. Kwa Masele alikaa mpaka Elina aliponyweshwa lita nzima kijiko kwa kijiko, huku Masele amesimama anamtazama. Asubuhi walimpeleka Kasoli akatundikiwa maji. Alipona, na wenzake wanne wakapona. Lakini Masele alikuwa ameshafunga ghala na kuweka ufunguo mfukoni, na akaitisha mkutano.

Watu walijaa mbele ya ghala, wanaume mbele, wanawake nyuma.

"Nani walikuwa zamu?" Masele aliuliza.

Wanawake wawili wakainamisha vichwa. Dorkasi akasimama.

"Mwenyekiti, usiwaulize hao," alisema. "Asubuhi ile nilipita hapa, nikaona moshi tupu. Nilijua kuni zimelowa. Nikasema moyoni, watajua wenyewe, nikaenda shambani. Mimi ndiye niliyewaomba watu watoto wao, na mimi ndiye niliyeona moshi. Kosa ni langu."

"Umekiri. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo atafutwe mtu ambaye hashiki kazi nyingine yoyote hapa isipokuwa maji. Wawili hawatoshi kupika, kulisha, kuosha na kuchemsha. Nilidhani wanatosha. Hawatoshi."

Kila mtu alijua hakuna mikono ya ziada wakati wa shamba. Ndipo Milembe aliposimama, polepole, kwa fimbo yake.

"Mimi nguvu za palizi sina," alisema. "Macho ninayo. Nitakaa na sufuria ya maji mpaka ichemke, na isipochemka hanywi mtu."

"Mayu, si wewe uliyenionya nisimlete Elina?" Masele alimuuliza.

"Ni mimi. Nimesema mengi kisimani, na mmeyasikia wote. Mjukuu wangu mlimwona alivyokuwa? Hamkumwona, kwa sababu nilimficha. Huyu mwanamke aliingia nyumbani kwangu bila ruhusa akambeba mgongoni, nami mpaka leo sijamwambia asante. Fungua mlango, Masele."

Masele hakuufungua siku hiyo. Alikuwa baba aliyeogopa, na hofu haiishi kwa mkutano mmoja. Aliufungua baada ya siku nne, na alipokuja alikuja na wanaume sita wenye majembe na sururu, wakachimba choo nyuma ya ghala na kutundika kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Kuni kavu ziliwekwa ndani, juu ya ngazi ya matofali. Milembe alileta kigoda chake, akakaa kando ya sufuria, na hata nesi Benedikta alipotaka maji ya kunywa aliambiwa asubiri.

Alikaa pale miaka sita, kila msimu, mpaka mwaka aliofariki.

Mei wanunuzi wa pamba walihitaji ghala lao. Wanaume wakafyatua matofali, na nyumba ndogo ya watoto ikasimama karibu na shule kabla ya masika yaliyofuata. Kufikia mwaka 2017 vitongoji vitatu vya jirani vilikuwa na zamu zao. Kimoja kilishindwa ndani ya mwezi, kwa sababu kiongozi aliwapangia ndugu zake siku nyepesi. Dorkasi alikwenda huko kwa miguu, akasikiliza asubuhi nzima, akarudi. Nilimuuliza amewashauri nini. "Nimewaambia waanze na palizi," alisema. "Ambao hawaaminiani kwenye magugu hawataaminiana kwenye mtoto."

Mwaka 2019 aliitwa Lagangabilili, kwenye ofisi mpya za wilaya ya Itilima, awaeleze watendaji. Alivaa kitenge cha kwaya, nami nikamsindikiza. Afisa mmoja, mtu mpole, alikuwa na fomu mbele yake.

"Mama, mradi huu mfadhili wake ni nani?"

Dorkasi hakulielewa neno lile mara moja. Nikamnong'oneza.

"Hakuna," alisema. "Kila mtu anakuja na kikombe cha unga."

Afisa alitazama fomu yake. Palikuwa na mstari wa kujaza, na hakujua aandike nini. Mwishowe akaandika *wanawake wa kitongoji*, na Dorkasi akamwomba aongeze *na Magese, maziwa*. Akaongeza.

Sitaki kusema kwamba njaa ilikwisha. Benedikta alituambia kuna mwaka mzima ulipita bila utepe kusoma nyekundu Mwabagole, tukafurahi, kisha mwaka uliofuata mvua ikakatika na watoto wawili wakapelekwa mjini. Lakini walipelekwa mapema, mchana, na mama zao walipita barabarani wakiwa wamewabeba bila kuwafunika. Neno lile la kubemenda bado lipo. Linasemwa na watu wachache, kwa sauti ndogo, na mara nyingi kuna mtu wa kulijibu.

Mwaka 2022 goti la Dorkasi lilianza kumsumbua. Wanawake walikaa wakamchagua Jenipha kuwa kiongozi, wakamwambia Dorkasi apumzike. Walifanya hivyo kwa upendo, na ilimuuma sana. Siku mbili hakuvuka njia kuja kwangu. Siku ya tatu alikuja akakaa kwenye ngazi.

"Jenipha amebadilisha saa za uji," alisema.

"Vibaya?"

Akafikiri kwa haki, kama alivyokuwa akipanga mashamba. "Hapana. Ni vizuri zaidi. Ndiyo maana nimekasirika."

Tukacheka wote wawili.

Nancy, binti yake, ameolewa Kalemela, kwa wavuvi. Mwaka jana alijifungua, Dorkasi akaenda kumsaidia, na likizo ya Juni nikapitia kumwona. Huko hakuna palizi ya kuwatoa kina mama nyumbani. Kuna dagaa. Mitumbwi inapofika alfajiri wanawake wote hukimbilia mwaloni, ufukweni inakoegeshwa, kununua, kuosha na kuanika, na watoto wanazagaa kati ya ndoo na maji ya ziwa hadi jua linapokuwa kali.

Nilimkuta Dorkasi ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, goti amelinyoosha. Alikuwa amekaa pale asubuhi tatu mfululizo, akitazama. Wanawake wa mwaloni walikuwa wameshapata habari zake kwa Nancy, na mmoja, mwenye magamba ya samaki hadi viwikoni, akamjia.

"Mama, wanasema ulianzisha jambo la watoto huko kwenu. Huku tufanye nini?"

"Sijui," Dorkasi alisema. "Mimi ni mtu wa pamba. Samaki siwajui."

Mwanamke akasimama, hajui aondoke au abaki. Dorkasi akasogea kidogo, akamwachia nafasi kwenye kivuli cha mtumbwi uliofunikwa.

"Kaa kwanza," alimwambia. "Mtoto wako mdogo ni yupi kati ya wale? Na tangu aamke, amekula nini?"